Pumzi Mbele ya Mkwe

Mwanamke anayejinyoosha kitandani mchana, mama mkwe wake akiwa bado kakaa sebuleni, hana adabu. Hilo nilifundishwa kabla sijajua kufunga kanga, na sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni kwamba Mungu alinipa koo jembamba, akanipa na mchumba ambaye mama yake ni Bi Mwaija wa Nansio, kisha siku ya mimi na yeye kukaa uso kwa uso ikaangukia Jumamosi ambayo usingizi ulikuwa umenishika shati tangu alfajiri.

Naitwa Maulida. Mwaka ule wa tisini na saba nilikuwa na miaka ishirini na sita, nashona sare za shule barazani kwetu pale Mkolani, Mwanza, na nilikuwa nimeshashona kidole changu mwenyewe mara tatu. Si utani. Unakaa kwenye cherehani, mguu unakanyaga, macho yanajifunga yenyewe, na sindano haina habari na wewe. Nilikuwa nalala usiku kucha na kuamka nimechoka kuliko nilivyolala. Wateja walisema ni uvivu. Jirani yetu Akumu, ambaye hajawahi kukosa la kusema, alisema ni jini mahaba, linanikalia kifuani kila nikilala. Mama yangu alisema ni malaria ya kujificha, akaninywesha mwarobaini mpaka hata chai ya maziwa nikaiona chungu.

Aliyegundua ni Shaibu, huyo mchumba wangu. Alikuwa na kibanda cha kuchaji betri ng'ambo ya barabara. Siku hizo kila mtu alikuwa amenunua televisheni na umeme ulikuwa wa mgao, kwa hiyo watu walimpelekea betri za gari asubuhi wakazifuata jioni kabla ya taarifa ya habari. Alizoea kuvuka mchana kunisalimia, na mara nyingi alinikuta nimeinamia cherehani, mdomo wazi, nakoroma. Mwanaume mwingine angecheka, au angeondoka zake. Yeye alivuta kigoda akakaa akisikiliza. Siku moja nikaamka nikamwona ananitazama kwa macho ya mtu aliyetoka kuona ajali.

"Maulida," akaniambia, "ukilala unaacha kupumua."

Nilimtukana. Nilikuwa sijalala vizuri kwa miaka miwili, na mtu asiyelala ana ulimi mkali. Lakini hakuniacha. Alinisindikiza hospitali kubwa ya kilimani si mara moja, mara nne, akikaa nje kwenye benchi na suruali yake yenye matundu ya maji ya betri, mpaka tukafika kwa Dokta Teodora. Huyu alinilaza wodini, akanibana kidole kwa kijidude chenye waya kilichosoma hewa iliyomo kwenye damu yangu, na kulipokucha akaniita. Alisema nikilala koo langu linajifunga. Pumzi inakatika, mwili unashtuka kuitafuta, koo linafunguka, halafu linajifunga tena. Zaidi ya mara thelathini kwa saa moja. Ndiyo maana usiku wangu ulikuwa kazi ya kubeba mizigo badala ya mapumziko.

Akanipa mashine. Kisanduku chenye bomba kama la kumwagilia bustani, mwisho wake una kifuniko cha plastiki cha kuvaa puani kwa mikanda miwili. Kinapuliza hewa usiku kucha ili koo lisijifunge. Zilikuwa mbili tu pale hospitalini, na moja ikawa yangu ya kutumia. Nililia kwa furaha. Nilidhani kesho yake ningeamka msichana mpya.

Sikuamka msichana mpya. Niliamka na alama za mikanda usoni na uchovu wangu ule ule. Dokta Teodora alikuwa amenionya kwamba uchovu wa miaka hauondoki kwa wiki. Nisiache kuvaa hata siku moja, nitembee asubuhi, nisishike cherehani macho yakiwa mazito, na kila siku saa nane mchana nilale nusu saa na mashine yangu, nusu saa tu. Niliyashika yote. Nilishona nimesimama, nilitafuna tangawizi, niliosha miguu kwa maji ya mtungini kila saa. Na bado wiki ya tatu nilikuwa nasinzia kwenye foleni ya maji. Siku hiyo nikakitupa kile kifuniko uvunguni, nikavuka barabara, nikamwambia Shaibu aoe mwanamke mwingine anayejua kukaa macho.

Alikuwa ameinama juu ya betri ya mteja. Hakuinua kichwa haraka.

"Hii hapa ililetwa imekufa," akasema. "Imekaa stoo mwaka mzima. Nikiipa umeme mwingi ijae leo, itachemka, itapasuka. Naipa kidogo kidogo, siku nyingi, nayo inarudi. Mimi sina haraka, Maulida. Ni wewe tu unayetaka kuchomoka."

Nilisimama pale juani nikamtazama yule mtu, mikono yake imeungua na asidi, na nikampenda mpaka nikaona aibu. Nikarudi nyumbani nikatoa kifuniko uvunguni, nikakiosha.

Sasa niseme kisa changu na Bi Mwaija, kwa sababu bila hicho huwezi kuelewa Jumamosi ile.

Kabla ya mambo ya mashine, Shaibu alinipeleka kwao Nansio, kisiwani Ukerewe, kwenye harusi ya dada yake. Wanawake tulikaa mkekani, Bi Mwaija akimpa bintiye nasaha za ndoa, nyumba nzima kimya. Nikasinzia. Kichwa changu kilienda taratibu mpaka kikatua begani kwa Bi Mwaija mwenyewe, na pale begani nikakoroma kama mashine ya kusaga. Walioniona wanasema alinitazama mdomo kwa muda mrefu. Kisha akaniinua kichwa kwa mkono mmoja, akamwambia mwanawe mbele ya watu, "Huyu hapana." Hakusema zaidi. Sikulala tena siku ile. Nililia ndani ya meli kutoka Nansio mpaka bandari ya Mwanza.

Shaibu alikuwa amefiwa na baba akiwa na miaka kumi na mbili. Mama yake alimlea kwa kuanika dagaa. Aliniambia wazi kwamba hawezi kunioa mama yake akiwa amenuna, na hawezi kumuoa mwingine, kwa hiyo kama mama hakubadilika tutazeeka yeye upande wake wa barabara na mimi wangu. Alimbembeleza miezi mitano. Mwishowe Bi Mwaija akatuma salamu kwamba atakuja Mkolani mwenyewe, aje na meli ya asubuhi, arudi na meli ya saa tisa. Kabla ya kupanda meli atasema neno lake. Ama wazee wake wanaleta posa, ama Shaibu asahau nyumba yetu.

Mama yangu alishika usukani. Aliamua mashine isionekane, akaifunika shuka na juu yake akapanga masufuria. Alisema mwanamke anayelala na bomba puani haolewi, awe mgonjwa asiwe mgonjwa, na kwamba yeye atakaa kando yangu, kila nikisinzia ananifinya. Nikamwambia mficha uchi hazai. Akanijibu kwamba na mtoa uchi haolewi. Alfajiri, kabla ya adhana, alikuwa ameshaniamsha nikune nazi.

Bi Mwaija alifika saa tano na kapu la machungwa ya Ukerewe. Mrefu, mkavu, mweusi wa kung'aa, tasbihi imezungushwa kiganjani. Nikapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti."

Binti. Nikajua bado nipo mlangoni.

Nilimnawisha mikono, nikampakulia wali na sato wa nazi, akala vizuri bila kusifia. Aliniuliza habari za kazi, za marehemu baba, za msimu wa sare. Nilijibu kwa adabu. Shaibu, kama ilivyo desturi, hakukaa nasi. Alikuwa barazani, na kila mara nilikiona kivuli chake kikipita mlangoni na kurudi. Mambo yalikwenda salama mpaka saa ya ukutani ilipogonga nane, na pale pale mwili wangu, uliokuwa umezoezwa wiki sita kulala saa hiyo, ukaanza kudai haki yake.

Nikaenda kunywa maji. Nikarudi. Nikaenda kuosha miguu. Nikarudi. Nikatafuna kipande cha tangawizi kikubwa mpaka machozi yakanitoka. Bi Mwaija alikuwa anaeleza jinsi bei ya dagaa ilivyopanda tangu waje wanunuzi kutoka nje, na mimi nasikia dagaa, bei, dagaa, halafu sisikii kitu. Mama yangu akanifinya paja. Nikashtuka. Nikasema "ndiyo, mama" mahali ambapo hapakuwa na swali. Akanifinya tena, sasa kwa kucha.

Niliinua macho nikakuta Bi Mwaija amenyamaza. Ananitazama mdomo. Ndivyo alivyonitazama Nansio.

Nilijua kwamba zikipita dakika tano nitaanguka palepale mkekani, nikorome, na hapo hata Shaibu hataweza kunitetea. Na nikajua pia kwamba nimechoka kuficha, zaidi ya nilivyochoka kwa usingizi. Hasira ikanipanda, na namshukuru Mungu kwa hasira ile, maana ndiyo iliyonifungua mdomo.

"Mama, nisamehe," nikamwambia Bi Mwaija. "Mimi ni mgonjwa. Natibiwa. Dawa yangu ni kulala saa hizi nusu saa, na mashine ya kupumulia. Nikikaa hapa nitakulalia begani kama nilivyokulalia Nansio. Naomba ruhusa yako nikalale."

Mama yangu alishika kichwa kwa mikono miwili.

Tasbihi ya Bi Mwaija ikasimama. "Mashine gani?"

Nikamweleza. Sikupamba. Koo, hewa, bomba, Dokta Teodora, kila kitu, nikitegemea asimame achukue kapu lake. Hakusimama.

"Kwa hiyo unakoroma," akasema polepole, "halafu unanyamaza."

"Ndiyo, mama."

"Unanyamaza kitambo. Mtu anayekusikiliza anabana pumzi yake pia. Halafu unashtuka kama aliyetolewa ziwani."

Hata Dokta Teodora hakuwahi kuieleza vizuri hivyo. Nikamuuliza amejuaje. Alizungusha punje mbili tatu za tasbihi kabla ya kujibu, na alipojibu hakuwa ananitazama mimi, alikuwa anautazama mlango ambako kivuli cha mwanawe kilikuwa kimesimama.

"Baba yake Shaibu alilala hivyo. Miaka kumi na moja nilikaa macho nikimsikiliza. Akinyamaza namtikisa, anaamka, ananigombeza kwamba namnyima usingizi, analala tena. Siku moja nilikuwa nimetoka kuanika dagaa tangu asubuhi. Nikapitiwa na usingizi mimi. Nilipoamka alikuwa wa baridi. Wanasema usingizi ni nusu ya kifo. Mimi nimelala kando ya nusu ya pili."

Mama yangu aliishusha mikono kutoka kichwani.

"Nansio watu walidhani nimekasirika kwa sababu ya adabu," akaendelea. "Adabu mtu anafundishwa. Nilikusikia ukinyamaza begani kwangu, binti, na nikaona mwanangu akikaa macho miaka kumi na moja. Halafu siku moja apitiwe. Siwezi kumpeleka mwanangu huko. Siwezi, hata kama anakupenda."

Miezi mitano nilikuwa namchukia yule mwanamke. Nilikuwa namwita majina ambayo siwezi kuyaandika. Chuki yote ikanitoka mara moja, na mahali pake nikabaki na huruma na woga, kwa sababu hofu yake haikuwa ya kijinga. Nusu yake nilikuwa nayo mimi mwenyewe.

"Basi njoo unisikilize," nikamwambia. "Nikiwa na mashine. Ukisikia nimenyamaza, nenda kapande meli yako, na mimi sitamng'ang'ania."

Akaitazama saa. Kutoka kwetu mpaka bandarini kulihitaji zaidi ya nusu saa. Ilibidi aondoke sasa hivi ndipo aiwahi meli. Akasimama. Mama yangu akasimama naye, amuage.

"Chumba kiko wapi?" akauliza Bi Mwaija.

Sijawahi kuona aibu kama ile ya kutoa masufuria juu ya mashine yangu mbele yake, moja moja. Nikavaa mikanda. Bibi harusi gani anaonekana hivi, pua imefunikwa, mashavu yamebanwa? Mama yangu hakuweza kuvumilia, akaenda jikoni akajifungia na moshi wake. Bi Mwaija akavuta kigoda mpaka kando ya kitanda.

Shaibu hakuruhusiwa kuingia chumbani, na hakujaribu. Lakini nje ya dirisha langu, chini ya bati alilolikata mwenyewe, alikuwa ameniwekea betri kubwa na kisanduku cheusi cha kugeuza umeme wa betri ufanane na wa ukutani, na waya wake ulipitia kwenye nondo mpaka ndani. Umeme ukikatika, unachomoa plagi ya mashine ukutani unaichomeka kwenye waya ule. Kila siku kazi hiyo ilikuwa ya mama yangu. Shaibu alikuja dirishani, akajifanya anaukagua waya, na vidole vyake vikapita kwenye nondo vikagusa kidole changu, kile kilichoshonwa mara tatu.

"Lala," akasema. "Mimi sitoki hapa."

Nililala mbele ya mkwe wangu, mchana kweupe, nimenyooka chali.

Yaliyofuata sikuyaona. Nimeyasikia kwa Shaibu na nimeyasikia kwa Bi Mwaija, kila mmoja kwa wakati wake, na hawajawahi kupishana.

Wanasema nililala kama mtoto kwa dakika kama tano, pumzi inaingia, inatoka. Kisha umeme ukakatika. Shaibu alijua kwa sababu redio ya Akumu ilikata wimbo katikati. Mashine ikanyamaza. Na mimi, niliyekuwa nimefika mbali usingizini, nikakoroma mara moja, koo likajifunga, nikakaa kimya.

Bi Mwaija anasema ilikuwa sauti ile ile. Anasema hata chumba kilibadilika, akajiona yupo Nansio, kwenye kitanda cha kamba. Mwili wake ulikataa kusogea. Shaibu alikuwa ameshika nondo kwa mikono yote miwili. Angeweza kuzunguka aingie ndani, desturi ikae pembeni, na alishaanza kugeuka. Lakini mlango wa mbele ulikuwa mbali, na mama yake alikuwa karibu.

"Mama," akamwita. "Plagi nyeupe, iko ukutani, kulia kwako. Ichomoe. Ichomeke kwenye waya huu ninaoutikisa."

"Mwanangu, hapumui."

"Najua. Ichomoe, mama."

Akaichomoa. Tasbihi inagonga ukuta. Alikosea mara ya kwanza, akaichomeka upande wa pili, haikuingia. Akageuza. Ikaingia. Mashine ikavuma, hewa ikapita bombani, na mimi nikavuta pumzi moja ndefu iliyomfanya Bi Mwaija akae sakafuni kwa ghafla. Kisha nikavuta nyingine. Na nyingine.

Alirudi kwenye kigoda. Alishika tasbihi yake, na kila nilipovuta pumzi akasukuma punje moja. Jua lilikuwa linampiga Shaibu utosini nje ya dirisha, hakuondoka, na mama yake akimwona pale kwenye nondo hakumfukuza.

Nilipofungua macho, kitu cha kwanza nilichokiona ni tasbihi ikizunguka. Cha pili ni uso wa Bi Mwaija umelowa machozi, na hakujisumbua kuyafuta. Nilikurupuka, mikanda ikanivuta kichwa.

"Mama, meli!"

"Imeondoka," akasema. "Iende. Kaa chini." Nikakaa. Akaninyooshea tasbihi niione, kana kwamba sijawahi kuona tasbihi. "Ina punje tisini na tisa. Nimeizungusha mara nne. Tangu nilipoanza kuhesabu, haikukosekana pumzi yako hata moja."

Akanieleza habari ya umeme, kwa kifupi, bila kujisifu. Alipofika mahali pa plagi akaitazama mikono yake. Ilikuwa imekaa mapajani, viganja juu, mikono ya kuanika dagaa.

"Kwa baba yake Shaibu nilikuwa na mikono hii hii," akasema. "Ila hakukuwa na kitu cha kuchomeka."

Nikamkumbatia. Sikuomba ruhusa. Alikuwa mgumu kama ubao kwa muda, kisha akalegea, na tukalia pamoja, yeye kwa ajili ya mume wake na mimi kwa ajili ya kila kitu. Alipomaliza alijifuta kwa upindo wa kanga na kumgeukia mwanawe dirishani.

"Wewe. Usiingie ndani, bado hujaoa. Nyoosha mkono."

Shaibu akapitisha mkono kwenye nondo. Bi Mwaija akamwekea tasbihi kiganjani, akamfunga vidole juu yake.

"Mtakapokuwa kwenu, ukiogopa, hesabu. Ukifika tisini na tisa na mkeo anapumua, lala na wewe. Usikae macho kama mimi. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama."

"Ijumaa ijayo wazee wanaleta posa. Nami nitakuja nao, nimfundishe mama mkwe wako kuacha kufinya mtoto wa watu. Mapaja ya mkwe wangu yatakuwa na alama siku ya harusi."

Mkwe wangu. Nililisikia, na Shaibu akalisikia, na sijui nani kati yetu alianza kucheka. Bi Mwaija akasogea dirishani, akashika nondo, akapiga vigelegele. Vya Nansio, vile vinavyovuka maji. Mama yangu akatoka jikoni mbio na mwiko mkononi, akidhani kumetokea msiba. Akumu akatokea uani kwake kuuliza kulikoni, na kama ilivyo kawaida yake akauliza pia kama ni lile jini limepanda tena.

"Limepanda," Bi Mwaija akamjibu kwa utulivu. "Ila tumelikuta linatumia betri. Ukiwa na lako lilete kwa mwanangu, anachaji."

Akumu hakuwa na la kusema. Nimeishi naye miaka mingi, na hiyo ndiyo siku pekee.

Alasiri hiyo, kwa kuwa meli nyingine ilikuwa ya kesho yake, Bi Mwaija aliomba mkeka barazani apumzishe mgongo. Alijilaza kando ya cherehani yangu akinielekeza jinsi ya kupika dagaa wa kuanika bila kuwaacha na mchanga. Katikati ya maneno sauti ikapungua. Nikageuka. Amelala. Amelala mbele ya mkwe wake, mchana kweupe, kilemba kimeanguka, mdomo wazi kidogo. Mwanamke aliyekaa miaka mingi akisikiliza pumzi za mtu mwingine alikuwa amelala bila kumsikiliza yeyote.

Mama yangu alikuja kumwamsha, akisema haipendezi wapita njia wakamwona mgeni hivyo. Nikamzuia. Nikamfunika Bi Mwaija kanga yangu miguuni. Ng'ambo ya barabara Shaibu alikuwa amekaa kati ya betri zake, tasbihi imemning'inia mkononi, anatutazama sote wawili na hafanyi kazi yoyote ya maana.

Nilivuta kitambaa cha bluu, nikaweka mguu kwenye kanyagio, nikashona kola saba mpaka jua likazama. Kidole changu kilikuwa salama, na sikuwa na usingizi.